Mtoto Amepewa Kilwa: Atafute Wapi Mtandaoni?

Kazi mradi ya Historia mara nyingi hufika nyumbani ikiwa sentensi moja tu kwenye daftari: "Andika kuhusu Kilwa." Mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili huomba simu ya mama yake, huandika neno "Kilwa" kwenye Google, hufungua ukurasa wa kwanza unaojitokeza, hunakili aya tatu na kufunga daftari. Ambaye nyumbani kwao hakuna simu janja huenda steshenari. Mhudumu naye hufanya hayo hayo, kisha humchapia kurasa nne kwa pesa yake. Mwalimu hukusanya kazi za darasa zima zinazofanana neno kwa neno, na wakubwa husema watoto wa siku hizi ni wavivu. Kama mkutubi siwezi kukubali lawama hiyo, kwa sababu wengi wao hawajawahi kuonyeshwa namna ya kutafuta.

Basi tuwaonyeshe kwa Kilwa hiyo hiyo waliyopewa. Ni mada nzuri kwa funzo hili, maana yaliyoandikwa juu yake mtandaoni ni mengi, mengine ya thamani kubwa na mengine ya kupotosha.

Kabla ya kushika simu, mtoto awe na swali. "Kuhusu Kilwa" hakumwambii atafute nini wala aache nini. Mzazi au mwalimu amsaidie kuigeuza mada iwe jambo analotaka kulijua kweli. Kilwa ilipata wapi utajiri wake? Nani alijenga jumba la Husuni Kubwa? Ilikuwaje sarafu yenye jina la sultani wa Kilwa ikaja kufukuliwa Zimbabwe Kuu? Swali la namna hii huleta maneno yake ya kutafutia: dhahabu, Sofala, sarafu za shaba, Hasan bin Sulaiman. Mtoto aliyeandika maneno manne kama hayo tayari amewaacha nyuma wenzake walioandika neno moja.

Tena neno hilo moja lina mitego. Kuna Kilwa Kisiwani, penye magofu. Kuna Kilwa Kivinje, mji uliovuma katika karne ya 19 kwa biashara ya watumwa na kisha kwa utawala wa Wajerumani. Kuna Kilwa Masoko, mji wa wilaya wa leo. Na kuna Kilwa nyingine kabisa nchini Kongo, kando ya Ziwa Mweru. Google haijui mwalimu alikusudia ipi. Kwa hiyo mtoto aandike jina kamili ndani ya alama za mtajo, "Kilwa Kisiwani", ili apate kurasa zenye maneno hayo mawili yakiwa pamoja. Kurasa za Kongo zikiendelea kujichomeka, aongeze alama ya kutoa mbele ya neno asilolitaka, bila kuacha nafasi: -Congo. Akitaka matokeo ya tovuti moja tu, aandike site: na kuunganisha jina la tovuti hiyo, kwa mfano site:unesco.org. Ni mambo madogo ambayo hata watu wazima wenye simu za bei kali hawayatumii.

Jambo moja zaidi kuhusu majina. Wareno waliofika Kilwa mwanzoni mwa karne ya 16 waliandika jina lake Quiloa, na vitabu vingi vya kale vya Ulaya vikafuata tahajia hiyo. Mtoto asiyejua neno hilo hataziona ramani, picha wala masimulizi ya wakati ule. Kila mada ya historia ya pwani ina majina ya namna hii, na kuyakusanya ni sehemu ya utafiti wenyewe.

Sasa Wikipedia. Walimu wengi huikataza, nami naona katazo hilo haliwasaidii watoto. Wanaisoma hata hivyo, ila kwa kujificha, na bila kufundishwa kuisoma vizuri. Makala ya Wikipedia ni mahali pa kuanzia: humpa msomaji majina, miaka na ramani ya mada nzima kwa dakika kumi. Hazina yenyewe iko chini kabisa ya ukurasa, kwenye tanbihi, ambako kila dai linapaswa kuonyesha limetoka wapi. Mtoto afundishwe kubonyeza namba ndogo iliyo mwisho wa sentensi na kufuata kiungo. Sentensi isiyo na namba aisome kwa tahadhari. Makala ya Kiswahili mara nyingi ni fupi kuliko ya Kiingereza, hivyo asome zote mbili. Zikitofautiana, hapo amepata jambo la kuchunguza.

Kutoka hapo aende UNESCO. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakaondolewa humo baada ya kazi ya kuyahifadhi. Miaka hiyo mitatu inafundisha jambo kubwa. Ukurasa uliotungwa mwaka 2010 na kusahauliwa utamwambia mtoto kwamba Kilwa "iko hatarini," naye ataandika hivyo akiamini ni habari ya leo. Mwandishi wa ukurasa ule hakudanganya, wakati tu ulimpita. Kwa hiyo kila ukurasa mtoto autafutie tarehe, na habari ya hali ya sasa aichukue kwa wenye dhamana nayo.

UNESCO hiyo hiyo imetoa bure mtandaoni kazi ambayo ningependa kila shule ya sekondari iwe nayo: Historia Kuu ya Afrika, juzuu nane zilizotungwa na jopo la wanahistoria ambao wengi wao ni Waafrika. Juzuu ya tatu ina sura ya pwani ya Afrika Mashariki na Visiwa vya Komoro, iliyoandikwa na Fidelis Masao wa Tanzania na Henry Mutoro wa Kenya. Juzuu ya nne ina sura ya ustaarabu wa Waswahili. Kiingereza chake si chepesi kwa mtoto wa miaka kumi na minne. Ila hahitaji kusoma juzuu nzima: afungue yaliyomo, atafute sura yake, asome kurasa zinazogusa swali lake pamoja na mtu mzima. Siku hizi somo la Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo kusoma kwa lugha moja na kueleza kwa nyingine ni kazi ambayo mwanafunzi hawezi kuikwepa. Tena ina faida yake. Aliyelazimika kueleza aya ya Kiingereza kwa Kiswahili chake hakuweza kunakili.

Kinachonifurahisha zaidi ni pale mtoto anapofikia sauti za walioshuhudia. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na tafsiri za safari zake zinapatikana Internet Archive, maktaba kubwa ya bure ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 1996. Anausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, kisha anasema umejengwa kwa miti. Kwa miti? Mwanafunzi huyo ametoka kutazama picha za Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, majengo ya mawe ya matumbawe yaliyosimama karne nyingi. Hapo ndipo akili inapoamka. Je, msafiri huyo alikosea? Au nyumba za watu wengi zilikuwa za miti na majengo ya mawe yalikuwa machache? Ikumbukwe pia kwamba Ibn Battuta hakuandika kwa mkono wake. Aliyasimulia kwa kumbukumbu baada ya kurudi kwao Moroko, na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akayakamilisha mwaka 1355, zaidi ya miaka ishirini tangu safari ile. Mtoto akiandika aya moja juu ya mgongano huu, kwa maneno yake mwenyewe, amefanya utafiti zaidi kuliko aliyejaza kurasa kumi za kunakili.

Chanzo cha pili cha kale ni Historia ya Kilwa, ile yenye kisa cha mtu wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka. Imetufikia kwa njia mbili: muhtasari wa Kireno katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, na mswada wa Kiarabu uliohifadhiwa British Library mjini London. Vitabu vya enzi za ukoloni vilikishika kisa hicho na kuieleza miji ya pwani kama kazi ya wageni. Wanaakiolojia waliokuja baadaye wakaonyesha mizizi yake ya Kiafrika. Mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara ikiwemo. Uligundua kwamba kuanzia takriban mwaka 1000 ukoo wa Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, ulichanganyika na ukoo wa Kiasia, mwingi wake wa Kiajemi, hasa kwa upande wa wanaume. Makala hiyo husomwa bila malipo. Mwanafunzi hatazielewa takwimu zake, lakini ikisiri, ile aya ya mwanzo, anaweza kuisoma na mwalimu wake. Ataona kwamba majibu ya historia hubadilika ushahidi mpya unapopatikana, na kwamba kitabu cha mwaka 1960 na makala ya mwaka 2023 havina uzito uleule kwenye swali hili.

Kuna hadithi nyingine inayopendwa sana mtandaoni: mabaharia wa Kilwa waligundua Australia kabla ya Wazungu. Chimbuko lake ni la kweli. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu kwenye Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, na tano kati ya hizo zikaja kutambuliwa kuwa za Kilwa. Kuanzia hapo watu wakarukia hitimisho. Sarafu huenda mahali popote inapobebwa, na inaweza kubebwa na mtu asiyewahi kuiona Kilwa, hata karne kadhaa baada ya kufuliwa. Mtoto apewe kurasa mbili, moja ya jumba la makumbusho au ya watafiti na nyingine ya mtu anayetafuta watazamaji. Kisha apigie mstari yanayojulikana kwa kalamu ya rangi moja na yanayodhaniwa kwa rangi nyingine. Sijui zoezi bora kuliko hilo kwa umri wake.

Picha nazo ni ushahidi, na nazo huulizwa. Mchoro wa "Quiloa" unaozunguka kila mahali ulichapwa Köln, Ujerumani, mwaka 1572, katika kitabu cha miji ya dunia cha Braun na Hogenberg. Kwenye ripoti ni pambo zuri, mradi chini yake paandikwe ulichorwa na nani, lini na wapi. Kwa sura halisi ya magofu kuna picha za Wikimedia Commons, zinazoruhusu kutumiwa kwa kutaja mpigaji, na kuna vipimo na michoro ya Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town.

Lazima niseme neno kuhusu akili unde, maana tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2022 watoto wengi huanzia huko. Programu hizi huandika kwa ufasaha hata pale zinapobuni, na zinaweza kutaja kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, pamoja na mwandishi na mwaka wake. Mtoto aitumie kupata maneno ya kutafutia, au kufafanuliwa aya ngumu aliyokwisha kuisoma. Ikimtajia kitabu, akitafute. Asipokiona kwenye maktaba yoyote wala orodha yoyote, asikiandike.

Kuhusu bando: maandishi hula data kidogo, video hula nyingi. Makala zihifadhiwe kwenye simu na kusomwa baadaye. Shule yenye kompyuta hata moja isiyo na intaneti inaweza kuwekewa Wikipedia nzima kwa programu ya bure ya Kiwix, ambayo hufanya kazi bila mtandao. Mtu apakue faili mjini na kulileta kwenye diski. Kwa vitabu vya kiada, Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, na Kenya wana Kenya Education Cloud ya KICD. Tena maktaba za mikoa zipo. Mtoto aende na swali lake limeandikwa, amwonyeshe mkutubi.

Na tangu dakika ya kwanza awe na daftari pembeni lenye safu nne: jina la mwandishi, kichwa cha habari, anwani ya ukurasa, siku aliyousoma. Azijaze kabla ya kunakili hata neno moja, kwa sababu ukurasa uliofungwa bila kuandikwa mara nyingi hauonekani tena. Walimu nao watoe alama kwa daftari hilo kama wanavyotoa kwa ripoti. Humo ndimo wataona nani alitafuta, alikwama wapi, na ni chanzo gani alikiacha baada ya kukisoma.