Mawakili wa Mali ya Watu

Mara nyingi tunaulizwa swali hili: Mtoto akiisha kupata lisansi katika Kitivo cha Sayansi za Jamii, Siasa na Utawala cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ya nini kuongeza miaka miwili ya masta, ajifunze utawala wa serikali au uongozi wa vyama? Si afadhali atafute kazi, awalipie wadogo zake karo? Swali hilo ni la haki, maana fedha ya shule hutoka katika jasho. Yatupasa kulijibu kwa mambo yaonekanayo.

Tukumbuke kwanza yaliyopita. Tarehe 30 Juni 1960, nchi yetu ilipopata uhuru, Wakongo waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30. Katika vyeo vya juu vya utawala, vilivyozidi 4,000, Wakongo walikuwa 3 tu. Chuo cha Lovanium kilikuwa kimeanza mwaka 1954, na chuo kikuu cha serikali hapa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Akili haikukosekana, mafunzo ndiyo yaliyochelewa. Watu walikabidhiwa ufunguo wa ghala, lakini waliofundishwa kuhesabu magunia walikuwa wachache mno.

Leo ghala hilo limesogea karibu na nyumba zetu. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, yaagiza namna ya kugawa mrabaha, yaani malipo yatolewayo na kampuni kwa madini zinayoyachimba. Asilimia 50 huenda kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komini, sekta au milki ya chifu palipo na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inayochimba yapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji. Fedha hizo zaweza kuwa shule, zahanati na visima. Zaweza pia kutoweka kama umande. Basi, nani atapima mahitaji ya kijiji, atunge bajeti, alinganishe bei za wajenzi, kisha asome hesabu mbele ya watu wote? Kazi hizo zina elimu yake, na elimu hiyo ndiyo masomo tunayoyasema.

Mambo ni hayo hayo katika vyama vyetu visivyotafuta faida. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 yataka chama kiwe na mkutano mkuu na baraza la uongozi, wala faida isigawanywe kwa wanachama. Lakini mara ngapi mwanzilishi mmoja hushika sanduku, akashika ufunguo, akawa na mkaguzi pia! Chama cha wajane au kituo cha yatima huzaliwa kwa moyo mwema, kikafa kwa sababu ya daftari lisiloandikwa. Moyo mwema wahitaji kalamu.

Papa Pius XI alifundisha mwaka 1931, katika barua yake Quadragesimo Anno, kwamba jambo liwezalo kutendwa na jamii ndogo lisinyakuliwe na jamii kubwa. Mafundisho hayo yanatuheshimu, lakini pia yanatudai: komini na chama visivyo na watu hodari vitanyang'anywa kazi yao.

Hata hivyo tusidanganyike. Masta haimpi mtu dhamiri. Mwizi aliyesoma huandika hesabu safi kuliko mwizi asiyesoma. Kwa hiyo, kijana anayetaka masomo haya aanze sasa: awe mtunza hazina wa kwaya au wa jumuiya, atoe hesabu kila mwezi, akubali kuulizwa. Nanyi wazazi, kabla ya kulipa karo, mwulizeni mtoto atatumikia nani kwa elimu hiyo. Akijibu cheo na gari tu, mwambieni angoje. Akijibu kwamba ataka kisima cha kijiji kichimbwe kweli na fedha iliyobaki ionekane, msaidieni, hata ikiwa shida. Katika Injili ya Luka, sura ya 16, wakili aliitwa atoe hesabu ya mali isiyo yake. Sisi sote tutaitwa vivyo hivyo.