Wi-Fi za majirani zikigombana, watoto hukosa simu ya baba

MSIMU wa senene ukifika, mzazi wa Buganguzi, wilayani Muleba, hahitaji kufundishwa mchezo huu. Mtegaji mmoja anawasha taa kali juu ya mabati yake. Jirani anaona senene wanaelekea kule, naye anaongeza taa. Wa tatu anafuata. Mwishowe wote wanalipa umeme mwingi zaidi, na senene ni wale wale.

Palipo na nyumba zilizobanana, kila moja na Wi-Fi yake, mchezo ni huo huo, ila hauonekani kwa macho. Saa mbili usiku baba aliye kazini Mwanza anapiga WhatsApp kuwasalimu watoto. Picha inaganda, sauti inakatika. Mama anailaumu ruta, analilaumu bando, pengine anamlaumu hata baba. Ananunua ruta yenye nguvu zaidi. Haupiti muda, jirani naye kanunua.

Ruta nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaliyogawanywa katika chaneli zinazopandana. Kwa kawaida tatu tu, yaani 1, 6 na 11, ndizo hutumika bila kuguswa na nyingine. Ruta husikiliza kwanza kama kuna mwenzake anayetuma, kisha husubiri zamu. Kwa hiyo walio kwenye chaneli moja hupokezana, japo polepole. Mwenye balaa ni yule anayejibanza chaneli ya 4: kwa walio 1 na 6 yeye ni kelele tu, nao kwake ni kelele.

Wahandisi wameushughulikia ugomvi huu kwa nadharia ya michezo, tawi la hisabati linalochunguza uamuzi ambao faida yake inategemea wengine wataamua nini. Mwaka 1950 Mmarekani John Nash, aliyepata Nobel ya Uchumi 1994, alieleza hali ambayo hakuna mchezaji anayefaidika akibadilika peke yake. Hali hiyo yaweza kuwa mbaya kwa wote, na bado hakuna anayethubutu kuzima taa yake.

David Goodman na Narayan Mandayam wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walionyesha hivyo kwa vifaa vya mawasiliano: kila kimoja kikijiamulia, vyote hupaza mawimbi kupita kiasi. Vikipunguza kidogo kwa pamoja, vyote hufaidika, na betri hudumu. Dawa yao ilikuwa kukitoza kila kifaa bei ya kupaza, si kwa fedha bali ndani ya hesabu zake.

Ruta za nyumbani hazitozani bei, lakini wenye nyumba wanaweza kuzungumza. Programu ya bure ya kupima Wi-Fi kwenye simu huonyesha jirani yuko chaneli ipi. Nyumba tatu zigawane 1, 6 na 11; ya nne ijiunge na ile inayosikika kwa mbali zaidi, isijiingize katikati. Ruta yenye gigahezi 5 ina nafasi kubwa zaidi, ingawa mawimbi yake hupenya kuta kwa shida.

Kubadili chaneli kwenye mipangilio ya ruta ni kazi ya dakika chache. Kinachochukua muda ni kupiga hodi kwa jirani ambaye juzi tu mligombana kwa sababu ya kuku.