Klabu ya Wanajeshi Iliyofutwa kwa Amri: Kisa cha Qatar

Neno letu "jeshi" tumelipata kwa Waarabu. Kwa hiyo askari asikiaye kwamba katika nchi ya Qatar, huko Ghuba, palikuwa na klabu iitwayo El Jaish, hahitaji mkalimani wa kumweleza ilikuwa ya nani. Ilikuwa klabu ya wanajeshi, nayo ilicheza kandanda na mpira wa mikono. Leo haipo. Haikushushwa daraja wala haikushindwa uwanjani. Ilifutwa kwa uamuzi wa wakubwa. Kisa chake chafaa kusomwa na kila mwenye kuvaa sare.

El Jaish ilianzishwa mwaka 2007, ikaingia ligi kuu mwaka 2011. Mwaka 2016 ilifika nusu fainali ya klabu bingwa za Asia, ikatolewa na Al Ain ya Umoja wa Falme za Kiarabu. Mshindani wake mjini Doha alikuwa Lekhwiya, klabu ya kikosi cha usalama wa ndani. Hiyo ilipanda ligi kuu mwaka 2010 na, chini ya mwalimu Djamel Belmadi wa Algeria, ikatwaa ubingwa katika msimu wake wa kwanza. Uwanja wake, Abdullah bin Khalifa, uko mtaa wa Duhail, nao huketisha watazamaji wapatao 10,000.

Mwezi Aprili 2017 ikatangazwa kwamba klabu hizo mbili zitakuwa moja, kwa jina la Al Duhail. Msimu uliofuata klabu hiyo mpya ilichukua ubingwa bila kufungwa hata mchezo mmoja wa ligi. Kwa hesabu ya vikombe, amri ile ilileta faida. Lakini mshabiki wa El Jaish, hata kama alikuwa mmoja tu, aliachwa na jezi isiyo na timu.

Tuitazame sasa Al Sadd ya mji huo huo. Hiyo ilianzishwa mwaka 1969 na vijana wanafunzi waliopenda kandanda. Imekuwa bingwa wa Asia mwaka 1989 na 2011, na mwaka 2002 timu yake ya mpira wa mikono iliishinda Magdeburg ya Ujerumani katika fainali ya klabu bingwa za dunia. Makocha na wachezaji wamekuja na kuondoka, lakini jina lake halikuguswa, na uwanja wake wa Jassim bin Hamad, wenye nafasi za watu wapatao 15,000, ungali nyumbani kwake.

Fedha hazikukosekana Qatar. Kwa mashindano ya dunia ya mpira wa mikono ya mwaka 2015 paliandaliwa kumbi za fahari, na ule wa Lusail uliweza kupokea watu zaidi ya 15,000. Timu ya taifa, yenye wachezaji wengi waliozaliwa nchi za nje na kupewa uraia, ilifika fainali ikashindwa na Ufaransa kwa mabao 25 kwa 22. Hapakuwa na taifa la nje ya Ulaya lililopata kutwaa medali kabla ya hapo. Hata hivyo, katika michezo mingi ya ligi ya kandanda nchini humo viti vitupu vimekuwa jambo la kawaida. Ukumbi hujengwa kwa fedha, watazamaji hawajengwi.

Nasi Afrika Mashariki tunazo klabu za majeshi na polisi. Simba ya jeshi la Uganda ilifika fainali ya klabu bingwa za Afrika mwaka 1972. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Basi klabu ya kambi na iwafungulie lango wananchi wa jirani, iwafundishe watoto wao, iwaite washangilie. Siku itakapokuja amri ya kuifuta, wawepo raia wa kuuliza: "Timu yetu imekwenda wapi?"