Jinsi seva za faili zinavyopokezana kazi mojawapo inapozimika

OFISI nyingi huhifadhi nyaraka zake katika kompyuta moja kubwa, yaani seva, ambayo wafanyakazi huifikia kupitia mtandao wa ndani. Utaratibu huo hurahisisha kazi, lakini una kasoro moja: seva hiyo ikizimika, ofisi nzima husimama.

Ili kuondoa kasoro hiyo, wataalamu huunganisha seva mbili ziwe kundi moja. Moja hutoa huduma, na ya pili hukaa tayari kuipokea kazi endapo mwenzake ataanguka.

Kwa wanaotumia mfumo wa Linux, kazi ya kuzigawia faili kompyuta za Windows hufanywa na programu ya Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia. Usimamizi wa kundi huachiwa programu mbili, Corosync na Pacemaker.

Corosync hupeleka ujumbe mfupi baina ya seva hizo kila mara, mfano wa mapigo ya moyo. Mapigo yakikoma kupita muda uliowekwa, Pacemaker huhesabu kuwa seva ya kwanza imekufa na huihamishia huduma kwenye ya pili.

Jambo la kwanza la kupangwa ni data. Seva ya pili haina faida iwapo haina faili zilezile. Programu ya DRBD, inayotengenezwa na kampuni ya LINBIT ya Vienna, Austria, hunakili kila kinachoandikwa kwenye diski moja hadi diski ya pili kupitia mtandao. Inapopangwa kwa utaratibu uitwao C, uandishi hauhesabiwi kuwa umekamilika mpaka diski zote mbili zimeupokea.

La pili ni anwani. Watumiaji hawapewi anwani ya seva yoyote kati ya hizo mbili, bali anwani ya tatu inayohama pamoja na huduma. Kwa njia hiyo, hawalazimiki kubadili chochote katika kompyuta zao.

La tatu ni mfuatano. Diski hufunguliwa kwanza, kisha Samba huwashwa, na anwani huja mwisho. Anwani ikitangulia, watumiaji watabisha hodi kabla ya mwenye nyumba kuamka.

Hata hivyo, hatari kubwa si seva kufa, bali seva mbili zilizo hai kushindwa kusikiana. Mtandao kati yao ukikatika, kila moja huamini kuwa mwenzake amekufa na hutaka kushika usukani. Mafahali wawili hawakai zizi moja: zote zikiandika, nakala hutofautiana na faili huweza kupotea.

Kinga yake ni kuipa kila seva uwezo wa kumkatia mwenzake umeme kabla ya kutwaa kazi. Kinga hiyo nayo huhitaji uangalifu, kama ilivyodhihirika katika kampuni ya GitHub ya Marekani, Desemba 22, 2012.

Siku hiyo, hitilafu katika vifaa vya mtandao ilizifanya seva nyingi za faili za kampuni hiyo, zilizokuwa zikifanya kazi mbili mbili, zikose mapigo ya wenzake. Kila moja ilitoa amri ya kumzima mwenzake, lakini baadhi ya amri hazikufika. Mtandao uliporejea, baadhi ya jozi zilizimana zote mbili, na wahandisi walilazimika kuzikagua kabla ya kurejesha huduma.

Dawa inayopendekezwa ni akidi, kama ile ya mikutano. Huongezwa kompyuta ya tatu, hata iwe ndogo isiyo na faili, ili seva isitwae kazi mpaka iwe na kura mbili kati ya tatu. Aidha, mapigo hupitishwa katika nyaya mbili tofauti.

Mpango huo ukikamilika, sharti ujaribiwe nje ya saa za kazi kwa kuchomoa waya wa umeme wa seva inayotoa huduma, kisha kuchomoa waya wa mtandao, kwani matukio hayo mawili hayafanani.

Ikumbukwe pia kuwa seva mbili si badala ya nakala za akiba. Faili inayofutwa kwa bahati mbaya katika seva ya kwanza hufutika papo hapo katika ya pili.