Chombo Kikichoka, Kipi Kizimwe Kwanza?

Mchezo wa kompyuta uitwao Tin Can, uliotoka mwaka 2022, hauna adui. Hakuna bunduki wala zimwi. Mchezaji yuko peke yake angani ndani ya kijichombo cha kuokolea maisha, akingoja waokoaji, na kazi yake ni kutokufa kabla hawajafika. Mashine ya oksijeni inakorofisha, betri inashuka, king'ora kinalia na hujui kinalilia nini. Unafungua kifuniko, unakuta fyuzi imeungua na spea hakuna. Basi unageuka kutafuta mashine nyingine yenye fyuzi kama hiyo, ambayo inaweza kuchinjwa.

Mafundi wa malori hapa Voi hawahitaji kuelezwa maana ya kuchinja. Lori lililolala uani miezi sita linatoa pampu na jenereta ili jingine lifike Malaba. Kigumu ni kuamua lipi lichinjwe na lini, na uamuzi huo ndio mchezo wenyewe. Mchezo mwingine wa aina hii, FTL: Faster Than Light, wa mwaka 2012, uliotengenezwa na Justin Ma na Matthew Davis, unauliza swali hilohilo kwa njia ya umeme. Mtambo wa chombo hautoshi kulisha kila kitu, kwa hiyo ukiongeza nguvu kwenye ngao unapunguza kwenye injini au silaha. Moto ukiwaka unaweza kufungua milango ya nje hewa itoke, moto ufe kwa kukosa oksijeni. Ila mabaharia wako nao wanapumua hewa hiyohiyo.

Wanaoanza kucheza hukimbilia oksijeni kwanza. Ni kosa la kawaida, na sayansi inaonyesha kwa nini ni kosa. Mtu mmoja hutumia karibu gramu 840 za oksijeni kwa siku, na hutoa takriban kilo moja ya kaboni dioksaidi. Ndani ya chombo kilichofungwa, hewa chafu hukulewesha na kukuzimisha kabla oksijeni haijakwisha. Mchimbaji wa vito upande wa Kasigau anayeshuka kwenye shimo refu lisilo na tundu la pili anaijua hatari hii. Kaboni dioksaidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama chini, mahali hasa anapoinama na sururu yake.

Angani haina chini ya kutuama, na hapo inakuwa hatari zaidi. Februari 1985 Wasovieti walipoteza mawasiliano na kituo chao cha Salyut 7. Juni mwaka huo Vladimir Dzhanibekov na Viktor Savinykh walipelekwa kukifufua. Walikuta giza tupu, maji yameganda, feni zote zimesimama. Bila feni, hewa aliyoitoa mtu ilibaki imemzunguka kichwa kama kilemba, kwa hiyo aliyekuwa akifanya kazi ilibidi aangaliwe na mwenzake asije akazimia bila kujua. Waliunganisha nyaya za sola moja kwa moja na betri zilizokuwa bado nzima, na kituo kikaanza kurudi. Chanzo cha msiba wote kilikuwa kihisio kibovu, kilichoripoti kuwa betri imejaa ilhali ilikuwa haichajiwi. Kituo chenye uzito wa tani karibu 20 kiliuawa na kidude kimoja kilichosema uongo.

Kisa kinachofanana zaidi na michezo hii ni cha Apollo 13. Usiku wa Aprili 13, 1970, tangi la oksijeni lililipuka, na kwa kuwa oksijeni hiyo ndiyo iliyolisha mitambo ya umeme, chombo kikuu kilianza kufa chote kwa pamoja. James Lovell, Fred Haise na Jack Swigert walihamia kwenye chombo kidogo cha kutulia mwezini, kilichotengenezwa kwa watu 2 kwa siku kama 2. Sasa kingebeba watu 3 kwa siku 4. Kazi ya kwanza haikuwa kutengeneza chochote. Walizima. Kompyuta, vipasha joto na karibu kila taa vilizimwa mpaka matumizi yakashuka hadi ampia 12 hivi, yaani umeme usiofika hata nusu ya unaoliwa na pasi ya nguo nyumbani. Maji nayo yakapimwa kwa vikombe.

Kaboni dioksaidi ikaanza kupanda. Vichujio vya akiba vilikuwepo, lakini vilikuwa vya mraba, na nafasi ya kuviweka kwenye chombo kidogo ilikuwa ya duara. Wahandisi wa Houston wakabuni kiunganishi kwa vitu vilivyokuwa mikononi mwa wanaanga: mifuko ya plastiki, makava ya vitabu vya maelekezo, mpira wa hewa wa suti na gundi ya utepe. Yeyote aliyewahi kufunga bomba kwa tyubu ya baiskeli atatambua ule ustadi.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu Taita Taveta ina chombo chake cha namna hii. Ni bomba la Mzima.

Mvua ya Milima ya Chyulu huzama kwenye miamba ya volkeno, ikachujwa humo, kisha hutokeza ikiwa safi kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Katika miaka ya 1950 lilijengwa bomba la kilomita 220 hivi kuyapeleka maji hayo Mombasa, likipita Voi, Maungu na Mackinnon Road hadi matangi ya Mazeras. Hakuna pampu inayoyasukuma. Yanateremka yenyewe, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuliko wote uliofanywa kwenye mradi ule. Chombo kisichotegemea umeme kina king'ora kimoja pungufu. Stima zikipotea, kisima cha pampu hunyamaza. Mzima haina habari.

Ila uwezo wake ni mita za ujazo 35,000 hivi kwa siku. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa pekee. Kama wote wangetegemea bomba hili tu, kila mmoja angepata lita 29, kabla Voi na vituo vya njiani havijateka hata ndoo. Vyanzo vingine vipo, Baricho, Marere na Tiwi, lakini sura ya jambo ni ileile ya kile chombo cha watu 2 kilichobeba 3. Kila uvujaji, kila aliyejiunganishia kwa siri na kila ndovu anayelifukua bomba wakati wa kiangazi hula sehemu ya kiasi ambacho tayari hakitoshi.

Hivyo tunafanya walivyofanya Houston. Tunazima. Leo mtaa huu, kesho ule. Na hapa ndipo nina ugomvi na watengenezaji wa michezo. Kwenye skrini, mara nyingi mashine uliyoizima hukaa salama ikikusubiri. Mashine halisi haina adabu hiyo. Salyut 7 iliganda kwa sababu ilikuwa imezimika. Chombo kikuu cha Apollo 13 kilipokaa baridi, matone ya maji yalitanda nyuma ya paneli zake, na watu wakahofia kuwa umeme ukirudishwa utapiga shoti. Haukupiga, kwa kuwa nyaya zilikuwa zimefungwa vizuri zaidi baada ya moto wa Apollo 1 uliowaua wanaanga 3 mwaka 1967.

Bomba la maji nalo likizimwa linaumia. Maji yakishatoka, hewa huingia na kukaa kwenye vilima vya njia. Maji yanaporudi kwa kasi hukutana na hewa hiyo, au na koki iliyofungwa ghafla, na kishindo chake kinaweza kupasua kiungo kilichochoka. Ndiyo maana kwenye sehemu za juu za bomba refu huwekwa vali ya hewa, kifaa kidogo kinachoachia hewa itoke na kuzuia maji. Ikiziba kwa kutu au ikiibwa, mgao unaokusudiwa kuokoa bomba ndio unaolivunja. Baya zaidi ni lile lisiloonekana. Bomba tupu huweza kunyonya. Penye tundu dogo, lile lililokuwa likimwaga maji nje sasa huvuta ndani tope la mtaro linalolizunguka. Maji yaliyotoka Mzima yakiwa safi hufika jikoni yakiwa na rangi ya chai, na mwenye nyumba analaumu chemchemi.

Fundi mwenye busara hufungua polepole, eneo moja baada ya jingine, akianza na vali za hewa. Inachukua saa nyingi, na watu wenye mitungi mitupu hawapendi kuambiwa wangoje. Wewe nyumbani, maji yakirudi baada ya siku kadhaa, acha bomba litiririke kwanza kwenye ndoo ya choo au ya miche mpaka yawe meupe, na ya kunywa uyachemshe hata yakionekana safi.

Na kwa mwanafunzi wa uhandisi pale Chuo Kikuu cha Taita Taveta anayejua kuandika programu, nina ombi. Michezo ya vyombo vya angani tunayo ya kutosha. Tutengenezee wa bomba la Mzima, wenye kilomita 220, ndovu, koki za wizi na miji inayopiga simu kulalamika. Na tafadhali, kila anachokizima mchezaji kianze kuharibika.