Monita ya chogo

Monita ya chogo ni kioo cha kompyuta cha aina ya zamani kinachotumia bomba la mionzi ya kathodi. Jina hilo linatokana na umbo lake, kwa kuwa nyuma imechomoza kama kichwa chenye chogo. Bomba la namna hii lilibuniwa na mwanafizikia Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Vioo bapa vilichukua nafasi yake katika miaka ya 2000.

Monita hizi zilitumika Tanzania katika ofisi, shule na steshenari, na nyingi zilifika zikiwa zimetumika Ulaya. Katika maeneo kama Manzese, Dar es Salaam, ambako biashara ya mitumba imezoeleka, ni vema mnunuzi ajue kuzikagua. Monita yenye rangi mbaya au picha iliyopinda mara nyingi si mbovu, bali haijarekebishwa.

Jinsi inavyofanya kazi

Ndani ya bomba lisilo na hewa, elektroni hurushwa kutoka nyuma na kugonga vitone vyekundu, vya kijani na vya buluu vilivyopakwa nyuma ya kioo. Sumaku huongoza elektroni hizo mstari baada ya mstari. Kwa sababu hiyo, sumaku yoyote iliyo karibu, kama ya spika, huweza kuharibu rangi.

Dunia nayo ni sumaku. Huko Ulaya uga wake huelekea chini ardhini, lakini Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, huelekea juu. Hivyo monita iliyopangwa kwa ajili ya Ulaya inaweza kuonyesha picha iliyoinama kidogo au madoa ya rangi pembeni inapotumika hapa.

Kukagua na kurekebisha

1. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Monita ya volti 110 hadi 120 pekee itaungua.
2. Iweke mbali na spika na mota, isitazamane na dirisha. Iwashe, uiache nusu saa ipate joto.
3. Bonyeza kitufe cha kuondoa usumaku, chenye alama ya sumaku ya umbo la U. Picha itatikisika kidogo na kutulia. Usirudie papo hapo. Subiri kama nusu saa. Monita nyingine hufanya hivyo zenyewe zinapowashwa.
4. Fungua picha yenye mraba au mistari iliyonyooka. Rekebisha upana, urefu, mwinamo na mpindo mpaka mraba uwe mraba kweli.
5. Fungua picha nyeusi tupu. Ongeza mwangaza (alama ya jua) mpaka weusi uanze kuwa kijivu, kisha rudisha kidogo.
6. Fungua ukurasa mweupe wenye maandishi. Punguza au ongeza utofauti (alama ya duara lenye nusu nyeusi) mpaka herufi zisomeke bila kuumiza macho.
7. Picha ikimetameta, ongeza idadi ya mara inavyochorwa kwa sekunde kutoka 60 hadi 75 au 85 katika mipangilio ya kompyuta, ikiwa tu monita inakubali.

Doa la rangi likibaki baada ya hatua hizi, sumaku za ndani zinahitaji kurekebishwa na fundi.

Usalama

Mtumiaji asifungue kasha la monita. Bomba hufanya kazi kwa volti zinazozidi 20,000, na umeme huo huweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya. Vilevile bomba lisivunjwe ili kupata shaba: hupasuka kwa nguvu, na kioo chake kina risasi, madini yenye sumu inayodhuru hasa watoto.