Bwasa, Mvua Kubwa na Mashamba ya Wamama

Tangu mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023 pale Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, ambako watu zaidi ya 400 walikufa, kila wingu zito linatutia woga sisi wote. Lakini mvua ile ile haitupigi sawasawa.

Tuangalie vilima vya Kabare na Walungu. Wamama ndio wanapanda maharage, wanapalilia na kuvuna. Lakini kwa desturi, kalinzi inashikwa na mwanaume. Mama asiye na shamba, zaidi sana mjane, anakodi kwa bwasa: musimu mmoja, mara ingine mwaka mmoja, na mara nyingi kwenye mteremko mkali.

Sisi maagronomu tunafika na kusema: pandeni mistari ya setaria kukata mteremko, ongezeni kaliandra, udongo usiende na maji. Ni kweli. Lakini kwenye bwasa mtu haruhusiwi kupanda miti, juu mti ni kama kusema shamba ni lako. Na akipanda majani tu, musimu ukiisha mwenye shamba anaweza kulichukua likiwa limeshakuwa zuri. Basi mama hapandi. Si uvivu, amepiga hesabu. Halafu mvua inakuja, udongo wa juu unashuka mtoni, na njaa inaanzia kwake. Mwenye shamba naye anapoteza: udongo ulioshuka haurudi.

Mbele ya musimu A kuanza mwezi wa 9, tunaomba kila koperative ifanye mambo matatu:

1. Bwasa iwe ya miaka 3 ao zaidi, kwa karatasi, mbele ya mashahidi na shefu wa kijiji. Iandikwe wazi kwamba majani ya kushika udongo yanaruhusiwa, na ni nani atakayeyakata kulisha mifugo.

2. Mama aandikwe mwanachama kwa jina lake mwenyewe. Tangu sheria ya Julai 2016 iliyobadilisha Sheria ya Familia, ile ruhusa ya bwana iliondolewa. Sasa bibi na bwana wanapaswa kupatana.

3. Mkutano usiwekwe siku ya soko, wala saa ya kupika na kuteka maji.

Vipande vya setaria tunaweza kupeana jirani kwa jirani, bila franga. Kinachokosekana ni ile karatasi. Tuanze nayo.